Ua la Kivulini: Safari ya Mmea Wetu katika Bustani za Dunia

Mto Ruvuma unaanzia Matogoro. Katika vilima hivi vilivyo jirani na mji wa Songea, upande wa mashariki, maji hutoka chini ya miti ya msitu wa hifadhi, yakateremka kusini hadi mpaka wa Msumbiji, kisha yakageuka mashariki na kwenda na mpaka huo hadi Bahari ya Hindi, safari ya takriban kilomita 800. Kutoka vilima hivyohivyo hutiririka Mto Ruhila, unaowanywesha wakazi wa Songea. Wengi wanaijua Matogoro kwa maji haya na kwa chuo chake cha ualimu. Mimi naianzia hapa historia ya ua moja, kwa kuwa ua hilo hupenda mahali pa namna hii: penye kivuli, udongo mweusi wa majani yaliyooza, na maji yasiyo mbali.

Wataalamu wa mimea huliita Impatiens walleriana. Mmea wake hufika magotini. Shina lake ni nene, laini, limejaa maji, waweza kulikata kwa ukucha. Ua lina petali tano bapa, nyekundu, waridi, zambarau au nyeupe, na kwa nyuma linaning'iniza kirija chembamba kilichopinda, ghala la asali yake. Tunda ni kidonge cha kijani chenye mistari. Likikomaa, ukiligusa tu linapasuka, kuta zake zinajikunja kwa ghafla na mbegu zinaruka huku na huku. Asili ya mmea huu ni ukanda unaoanzia Kenya, unapita Tanzania na kuishia Malawi na Msumbiji. Matogoro imo ndani ya ukanda huo.

Karibu kila bustani ya mji mkubwa wa Ulaya na Marekani imewahi kuwa na ua hili. Huko hupandwa kwa mbegu kila mwaka, huchanua majira yote ya joto, kisha hufa. Kwetu, kando ya kijito kisichokauka, mmea uleule huishi mwaka baada ya mwaka. Jalidi ndiyo iliyoufanya kuwa ua la mwaka mmoja, na juu ya kifo hicho cha kila mwaka imejengwa biashara kubwa ya mbegu. Hii ni historia ya jinsi mali ya vijito vyetu ilivyogeuka bidhaa ya pakiti, na ya tunachopaswa kufanya na kile kilichobaki.

Mkulima wa Songea haelezwi maana ya mmea wa mwaka mmoja. Wilaya hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada yake ardhi hukauka kwa miezi mingi. Mmea usio na mzizi mrefu wala kiazi hauna njia ya kuuvuka ukame huo isipokuwa ndani ya mbegu. Mahindi hufanya hivyo, alizeti hufanya hivyo, na maua mengi ya porini yanayofunika nyasi mara tu mvua inaponyesha hufanya hivyo. Ndiyo maana wazee wa kusini walitundika mahindi ya mbegu juu ya jiko, moshi uyalinde na wadudu. Aliyekula mbegu yake alijua amekula na mwaka unaofuata.

Turudi kwa ua letu, na kwa wageni waliolichukua. Mwaka 1861 meli ndogo ya moshi iliyoitwa Pioneer iliingia mdomo wa Ruvuma. Ndani yake alikuwamo David Livingstone, akitafuta njia ya maji ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita katika ardhi iliyoshikwa na Wareno. Maji yalipungua, wakarudi. Mwaka 1862 walirudia kwa mashua, wakapanda mbali zaidi, hata miamba na kina kifupi vikawazuia. Chanzo cha mto, huku Matogoro, hawakukiona. Katika msafara huo alikuwamo kijana wa Kiskoti, daktari na mtaalamu wa mimea, John Kirk, aliyekuwa akikausha majani na maua katikati ya karatasi kila walipotia nanga.

Wakati huohuo, kusini zaidi katika mabonde ya Shire na Zambezi, alikuwako Horace Waller, mfanyakazi wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Naye alikusanya mimea. Mwaka 1868, katika kitabu cha mimea ya Afrika ya kitropiki kilichohaririwa na Daniel Oliver wa bustani ya Kew, London, mtaalamu Joseph Hooker aliueleza mmea wetu na kuupa jina la Waller. Kwa kanuni za sayansi ya mimea, jina la kwanza kuchapishwa ndilo linalodumu. Hivyo ua ambalo watu wa ukanda mzima walilifahamu tangu kale likabeba jina la mgeni aliyekaa nalo miaka michache.

Waller mwenyewe aliwategemea watu wa huku kwa mambo makubwa kuliko ua. Mwaka 1874 alipokuwa akihariri shajara za mwisho za Livingstone, walimsaidia Uingereza Abdullah Susi na James Chuma, wale waliokuwa miongoni mwa wabebaji wa mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Walijua majina ya mahali, ya watu na ya njia. Bila wao mengi katika shajara zile yasingeeleweka. Elimu ya namna hiyo, ya waliotembea na waliojua, haikuingia katika majina ya mimea.

Kirk alihamia Unguja mwaka 1866, na mwaka 1873 akawa balozi mkuu wa Uingereza. Mwaka huo, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, soko ambalo kwa miaka mingi lilipokea watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa na Ruvuma kupitia Kilwa. Kirk alikuwa na nyumba na bustani huko Mbweni, na hakuacha kazi ya mimea. Ua letu alilipeleka Kew. Mwaka 1882 Hooker alilichapisha tena, sasa katika jarida mashuhuri la Curtis's Botanical Magazine lenye michoro ya rangi, na akiamini ni aina nyingine, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mmea mmoja ukawa na majina mawili, la mmisionari na la mfalme.

Bahati ya ua hilo ni kwamba liliikuta Ulaya iko tayari. Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka 1845, na nyumba za vioo za kuotesha mimea zikawa rahisi kujenga. Matajiri, na baadaye halmashauri za miji, walizoea kuotesha miche ya nchi za joto chini ya vioo wakati wa baridi, kisha kuihamishia nje kwa maelfu jalidi inapokwisha. Walitaka mmea mfupi, unaochanua mapema na usiochoka. Ua la vijito vya Afrika Mashariki lilikuwa na sifa zote tatu, na juu ya hizo lilikuwa na ya nne iliyo adimu: lilichanua kivulini, mahali ambapo maua mengine yalikataa.

Wajerumani nao walikuwa wakitafuta. Katika milima ya Usambara, Carl Holst alikusanya mimea kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, na mwaka 1895, baada ya kifo chake, ua la jamii hii lenye nguvu na rangi kali likatangazwa kwa jina la Impatiens holstii. Usambara hiyohiyo ndiko alikofanyia kazi Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1892 alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, aliliita Saintpaulia ionantha, na kampuni ya Ernst Benary ya mji wa Erfurt, iliyokuwa ikiuza mbegu tangu 1843, ikalichukua kulizalisha. Leo ua hilo lipo kwenye madirisha ya dunia nzima. Kisha mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani, Usambara, ili kazi ya kukusanya na kujaribu mimea iwe ya kudumu.

Yafaa kuitazama Songea katika miaka hiyohiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea Walter Busse alipita nchi ya kusini, Ungoni ikiwemo, akikusanya. Miaka michache baadaye ikaja Vita ya Maji Maji, iliyoanza Umatumbi Julai 1905 na kufika Ungoni mnamo Septemba. Misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa 1898, ilichomwa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, akauawa baadaye. Halafu jeshi la kikoloni likageukia chakula. Mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, na njaa ikaachwa imalize kazi ya bunduki. Ghala lilipoungua haikuungua chakula tu, iliungua na mbegu. Wakati mbegu za maua kutoka nchi hii zilikuwa zikipimwa kwa gramu na kufungwa kwa uangalifu Erfurt, watu wa Ungoni waliingia msimu wa mvua bila punje ya kupanda. Mambo haya mawili ni ya dola moja na ya miaka ileile, na asiyeyaweka pamoja haielewi historia ya mbegu katika nchi yetu.

Vita hiyo ilipokwisha, maua yalianza kusafiri kwa upande wa pili. Katika misheni, shule na nyumba za maofisa wa Tanganyika zikaonekana zinia, tagetesi na kosmosi zenye asili ya Meksiko, na petunia za Amerika ya Kusini. Mengi yake ni maua ya mwaka mmoja hasa, nayo yalizoea haraka mvua zetu za msimu mmoja. Zinia humwagwa moja kwa moja shambani mvua ikishika, huchanua baada ya miezi miwili hivi, na kichwa chake kikikauka kinatoa mbegu za mwaka ujao bila gharama yoyote. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kilijifunza kupanga mawe kuzunguka vitanda vya maua mbele ya madarasa, na maua yenyewe yakawa ya kigeni. Yale ya vijito vya jirani yalibaki porini, bila kuhesabiwa kuwa maua ya bustani.

Waliokuja kuyahesabu walitoka Kew. Mwaka 1955 na 1956 Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor walikaa katika Wilaya ya Songea wakikusanya mimea msimu mzima wa mvua. Walipanda vilima vya Matogoro, wakashuka bonde la Ruhila, wakaenda Umatengo na kwingineko. Vielelezo vyao, kila kimoja kikiwa na namba, tarehe na jina la mahali, viliingia katika kazi kubwa iitwayo Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, ikieleza aina zaidi ya 12,000 za mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa njia hiyo jina la Matogoro limo katika vitabu vya mimea vya dunia. Katika kazi za miaka hiyo pia, Christopher Grey-Wilson alizichambua impatiensi zote za Afrika, kitabu chake kikatoka 1980, na majina ya mmisionari, ya sultani na ya Holst yakatambuliwa kuwa ya ua moja. Jina la 1868 ndilo lililoshinda.

Lakini wakati wanasayansi wanayaunganisha majina, wafanyabiashara walikuwa wameshaubadilisha mmea wenyewe. Claude Hope, Mmarekani mzaliwa wa Texas, alipelekwa Costa Rica wakati wa Vita ya Pili ya Dunia kwa mradi wa mkwinini. Vita ilipokwisha alibaki huko, na mwaka 1953 akaanzisha shamba la mbegu la Linda Vista. Ua letu alilikuta limeshatoroka bustani za Costa Rica na kuota ovyo penye unyevu, likiwa refu na legelege. Alichagua, akachanganya, akachagua tena, akaondoa urefu, akaongeza matawi na rangi. Katika miaka ya 1960 likatoka kundi lililoitwa Elfin, mbegu chotara za kizazi cha kwanza, kila mche ukifanana na mwenzake.

Chotara ya namna hiyo inataka mikono mingi. Ua la mama huondolewa chavua yake kabla halijajichavusha, kisha hupakwa chavua ya baba aliyeteuliwa, ua moja baada ya jingine. Kidonge lazima kichumwe kabla hakijapasuka, la sivyo kazi yote imerushwa chini. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu moja, na bei yake hushangaza. Na kwa kuwa mbegu ya kizazi cha pili haifanani na mama yake, mwenye bustani analazimika kurudi dukani kila mwaka. Vitongoji vya miji ya Marekani vilikuwa vimejaa miti na vivuli, na ua la kivulini likawa miongoni mwa maua ya bustani yaliyouzwa zaidi nchini humo kwa miongo kadhaa.

Kufanana huko kwa miche kuliwaponza wazalishaji. Mwaka 2003 bustani za Uingereza zilishambuliwa na ubwiri unyoya wa impatiensi, unaoletwa na kimelea kilichojulikana wakati huo kwa jina la Plasmopara obducens. Majani hupauka, upande wa chini hufunikwa na unga mweupe, kisha majani na maua hudondoka yote na shina hubaki limesimama tupu. Mwaka 2011 na 2012 ugonjwa ulienea Marekani. Vitalu vilitupa miche kwa maelfu na wengi wakaacha kabisa kuupanda. Wazalishaji walilazimika kutafuta ustahimilivu, na baada ya miaka ya kazi yakatoka makundi mapya yanayohimili, likiwemo Beacon la kampuni ya PanAmerican Seed na lile la Syngenta lililopewa jina la Kiswahili, Imara XDR.

Ustahimilivu hautengenezwi kutoka hewani. Mzalishaji anautafuta ndani ya mimea yenye tofauti, na tofauti kubwa ya mmea wowote ipo kwao, pale ulipoishi na maadui zake kwa maelfu ya miaka. Kwa impatiensi, kwao ni misitu ya milima na kingo za vijito vya Afrika Mashariki. Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 uliitambua haki ya nchi juu ya viumbe vyake, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikaweka utaratibu wa kugawana faida. Mwaka 2006 ripoti ya wanaharakati kuhusu mali asili za Afrika ilihoji jinsi impatiensi ya Usambara ilivyoingia katika mseto wa kibiashara bila faida kujulikana imerudi Tanzania. Yaliyochukuliwa na Kirk na Holst sheria hizi haziyafikii. Yale ambayo bado yapo msituni zinayafikia, ilimradi msitu wenyewe uwepo.

Ndiyo maana kukata miti kwenye vyanzo vya Matogoro, au kulima hadi ukingo wa kijito, ni hasara mara mbili. Songea inapoteza maji ya kunywa, na nchi inapoteza mimea inayoishi kwenye unyevu wa kivuli na haiwezi kuhamia kwingine. Shamba la mahindi lina pa kwenda. Mmea wa ukingoni hauna.

Kuziotesha mbegu za ua hili si kazi ngumu. Mwanzoni mwa Septemba chekecha udongo wa msituni uliooza vizuri pamoja na mchanga, ujaze trei au ndoo iliyokatwa na kutobolewa chini. Mwagilia kwanza, kisha nyunyiza mbegu juu bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Funika kwa nailoni angavu, weka kivulini penye joto la nyuzi 20 hadi 25. Baada ya wiki mbili au tatu utaona miche myembamba kama nyuzi. Hapo punguza maji na fungua hewa iingie, maana ugonjwa wa kinyausi huangusha miche yote kwa usiku mmoja. Ikiwa na jozi mbili za majani kamili, pandikiza kwenye viriba, na mvua zikishika, hamishia chini ya mti au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Vidonge vikianza kuvimba, vifunge kwa kitambaa chepesi ili vipasuke ndani yake. Mbegu zianikwe kivulini na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi yenye tarehe na jina la mahali.

Jina la mahali ni sehemu ya thamani ya mbegu. Milne-Redhead na Taylor waliandika kila kielelezo kilipotoka, na kwa sababu hiyo kazi yao inatumika hadi leo. Mwalimu anayesoma Matogoro anaweza kuwafundisha watoto jambo hilohilo popote atakapopangwa: kuandika mbegu imetoka kwa nani, kijito gani, mwezi gani, na kuiotesha tena. Kule Arusha wakulima wadogo wamekuwa wakizalisha mbegu za maua kwa mikataba ya kampuni za Ulaya, kwa hiyo ujuzi wa mikono tunao na hali ya hewa tunayo. Kinachohitajika ni kuyaingiza maua ya kwetu katika kazi hiyo, kwa idhini na kwa majina yetu, na kuulinda msitu unaoyatunza. Mmea huu uliondoka kwetu mara tatu, kwa mkono wa mmisionari, wa balozi na wa Holst, bila yeyote kuulizwa. Ukiondoka mara ya nne, uondoke kwa mkataba, na aliyeutunza awe amelipwa.